Naomba ushauri: Psion 5mx haisomi memori kadi

Wakuu habari za jioni, poleni na baridi mlioko huku Mbeya. Nina kakompyuta ka mkononi ka zamani, Psion Series 5mx ya mwaka 1999, nimeachiwa na mjomba. Kioo hakina rangi lakini ukikafungua kibodi inateleza mbele kama droo na kuchapa ni raha kuliko simu yoyote. Nataka kawe daftari langu la kila siku, nachukua viazi Uyole nauza Mwanjelwa, mahesabu ya magunia na madeni ya watu yote nimeshayaingiza humo, betri mbili tu za AA, umeme ukatike usikatike sina presha.

Shida ni kadi. Kana tundu la CompactFlash (aina ya memori kadi ya zamani), nikanunua kadi ya GB 4 haisomi, nimeiformati kwa FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili kwenye kadi) kwenye laptop mara mbili, wapi. Fundi mmoja akasema tundu limekufa, siamini, maana kadi ya mjomba ya MB 16 inasoma freshi. Sasa hivi kila kitu kiko memori ya ndani na ikikosa umeme inafutika yote, juzi nabadilisha betri mkono unatetemeka japo kale kabetri ka akiba CR2032 kapo.

Je, nikikata patisheni (yaani kutenga sehemu ya kadi) ya chini ya GB 2 kwa FAT16, ule mfumo wa zamani zaidi, kwenye kadi hiyohiyo itakubali, au nitafute kadi ndogo? Na kuna anayetumia betri za kuchaji za volti 1.2 humo, zinakaa siku ngapi?