Hadi diski inaonekana na kupotea: imekufa kweli au ni waya?

Kijiwe_cha_Karatasi: Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nina steshenari Morogoro, kompyuta ya mezani ya mtumba, Windows 7, hadi diski ya SATA ya GB 500. Wiki ya pili sasa nikiwasha asubuhi inasema haioni diski. Nikiipiga kibao ubavuni (msinicheke) inawaka. Kunakili faili kunakwama katikati, ila mlio wa kugonga hakuna. Fundi jirani kasema diski imekufa. Humo kuna kazi za wateja za miaka minne. Nifanyeje?

Ndondo7: Nunua SSD, zile diski za kisasa, mkuu, yaishe.

BintiSoda: Akiichomeka SSD kwenye waya uleule, wiki ijayo tutakuwa naye tena hapa. Ndugu yangu, nakili kazi za watu kwenye flashi kwanza. Kisha fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, tuletee namba za mistari ya 05, C5 na C7.

Kijiwe_cha_Karatasi: Nimeshanakili, ilikwama mara mbili. 05 sifuri, C5 sifuri, C7 ni 1A4.

BintiSoda: 1A4 hapo ni namba ya heksi (hesabu ya msingi wa 16), kwa kawaida ni 420. 05 na C5 huhesabu sekta zenye matatizo ndani ya diski, zako ni safi. C7 huhesabu data iliyovurugika njiani, kati ya diski na kontrola, chipu inayoongoza diski kwenye madabodi (bodi kuu). Zima, chomoa umeme ukutani, badili ule waya mwembamba wa data. Waya tu! Ukibadili na tundu la madabodi unapochomekwa kwa pamoja hutamjua mkosaji. C7 ikizidi kupanda, hamia tundu jingine la SATA. Ikipanda hata huko, hapo ndipo tuishuku kontrola au pawa saplai. Usitegemee irudi sifuri, hairudi. Angalia isiongezeke.

MzeeWaBodi: Kwenye kontrola niongeze neno. Januari 2011 Intel walitangaza kasoro kwenye chipu zao za 6 series: matundu ya 3Gb/s yanaweza kudhoofika kadiri siku zinavyokwenda. Matundu namba 0 na 1, yale ya 6Gb/s, yalikuwa salama. Mitumba ya umri huo bado ipo mitaani.

Kijiwe_cha_Karatasi: Jamani nimebadili waya, sasa ndiyo imegoma kabisa! Skrini ya buluu, 0x0000007B. Na saa imerudi nyuma miaka.

BintiSoda: Betri ya madabodi imekwisha, ile CR2032 ya mviringo. Ulipochomoa umeme BIOS, programu ya kuwashia kompyuta, ikasahau mipangilio. Ingia humo, sehemu ya SATA, uone namna ya kuendesha diski kama ni RAID, AHCI au IDE, urudishe ilivyokuwa. Usipige Windows upya!

Kijiwe_cha_Karatasi: Ilikuwa kwenye RAID, nimeweka AHCI, imewaka. Betri mpya tayari. Nimenakili GB 40 bila kukwama, C7 bado 1A4. Ule waya wa zamani klipu yake imevunjika, ulikuwa unaning'inia tu. Na fundi alishaniomba hiyo diski "iliyokufa" nimwachie.

Ndondo7: 😂😂 Huyo fundi anajua kazi yake.