Ujumbe wa Saa Nne Usiku

Kikundi: Familia ya Chumbageni, Tanga
Jumamosi

Rehema, saa 2:51 asubuhi
Asalaam alaikum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote. Nimeona niwaulize jambo hapa kwa sababu ndani ya kikundi hiki tuna waajiriwa, tuna waajiri na tuna mstaafu. Tangu tarehe 26 Agosti 2024, mfanyakazi wa Australia ana haki ya kutosoma wala kujibu ujumbe wa mwajiri wake nje ya saa za kazi, isipokuwa pale ambapo kukataa kwake hakuna sababu ya msingi. Jana usiku, saa nne na dakika sita, msimamizi wangu aliandika katika kikundi cha ofisi akitaka orodha ya wateja tunaowadai. Halikuwa jambo la dharura, maana kikao chenyewe ni Jumanne. Nikaamka kitandani, nikafungua kompyuta, nikaitengeneza orodha na kuituma, na nilipomaliza ilikuwa saa nne na nusu. Sasa nauliza: muda ule ni wa nani?

Shangazi, saa 2:58 asubuhi
Waalaikumu salamu. Marahaba mwanangu. Kwani usingeweza kumjibu asubuhi?

Rehema, saa 3:01 asubuhi
Shangazi, katika kikundi cha WhatsApp mtu aliyetuma ujumbe anaweza kuangalia nani ameusoma, na alama hiyo huwezi kuizima kwenye kikundi hata ukiizima kwenye mazungumzo ya watu wawili. Wenzangu watatu walikuwa wamekwisha kujibu "sawa bosi". Ningekaa kimya, asubuhi ningeonekana mimi ndiye nisiyejali kazi.

Hamisi, saa 3:10 asubuhi
Mdogo wangu, nimesoma maneno yako nikajiona ndani yake, kwa sababu mimi nami ni msimamizi na nami huandika usiku. Huku Mwanza malori yetu hayalali. Gari likikatika ekseli njiani saa sita za usiku, siwezi kungoja saa mbili asubuhi ndipo nimtafute fundi. Sheria ya Australia inafaa kwa watu wa maofisini, lakini ukiileta kwenye usafirishaji utaua biashara.

Mwanaidi, saa 3:17 asubuhi
Kaka Hamisi, sisi wauguzi tunaishi na dharura kuliko nyinyi wa malori, na ndiyo maana hospitalini jambo hili lina utaratibu. Kuna orodha ya zamu ya kuitwa, imebandikwa ukutani, na kila mtu anajua wiki hii ni nani wa kuitwa na wiki ijayo ni nani. Asiye kwenye orodha anazima simu na kulala. Mnachokosa nyinyi ni hiyo orodha, kwa hiyo kila mtu amekuwa wa kuitwa kila siku, bila kuambiwa na bila kulipwa.

Rehema, saa 3:32 asubuhi
Nashukuru Dada Mwanaidi kwa kulisema hilo, kwa sababu wiki hii niliisoma Sheria yetu ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na nimegundua kwamba sehemu kubwa ya tunachokitamani kwa wenzetu sisi tunacho kwenye vitabu kwa miaka mingi. Sheria inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada zifanyike kwa makubaliano tu, zisizidi 50 katika kila mzunguko wa wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kuhusu dharura anayoisema Kaka Hamisi, sheria imeitenga kabisa: kazi ya dharura isiyoweza kufanywa ndani ya saa za kawaida haibanwi na mipaka hiyo. Kwa hiyo ekseli iliyokatika ina mlango wake. Orodha ya wadaiwa kwa kikao cha Jumanne haina.

Lakini kifungu kilichonisimamisha ni kile cha mapumziko ya kila siku. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Hebu tuhesabu. Mimi naingia ofisini saa mbili asubuhi. Nikimaliza kazi saa nne na nusu usiku, mapumziko yangu yamekuwa saa tisa na nusu. Mfululizo ule ulikwisha kukatika, hata kama kazi yenyewe ilikuwa ya dakika 24. Kwa maoni yangu hatuna haja ya kuanza kudai haki mpya kana kwamba hatujawahi kuwa nayo, ila tunatakiwa kukubaliana kwamba kujibu ujumbe wa kazi ni kazi, na kwamba saa yake ihesabiwe kama saa nyingine yoyote.

Hamisi, saa 3:41 asubuhi
Dakika 24 nazo ni za kuhesabu?

Rehema, saa 3:46 asubuhi
Tuseme ni dakika 20 tu kila usiku, siku tano kwa wiki. Kwa wiki nne zinakuwa dakika 400, yaani saa sita na dakika 40. Ukizidisha kwa moja na nusu unapata malipo ya saa kumi. Hiyo ni zaidi ya siku nzima ya kazi kila mwezi ambayo mtu anaitoa akiwa kitandani mwake, na hakuna karatasi yoyote inayoionyesha.

Baba Mdogo Idi, saa 4:20 asubuhi
Nimewasoma wote na nimechelewa kwa sababu miwani ilikuwa kwa mjukuu. Rehema mwanangu, umegusa jambo ambalo sisi wa reli tulilijua kabla simu hizi hazijazaliwa. Nilipokuwa kazini, dereva wa treni au fundi akihitajika usiku, alitumwa tarishi mpaka mlangoni kwake na kitabu chini ya kwapa. Unagongewa, unafungua, unaandika jina lako na saa uliyoitwa, unatia sahihi, kisha ndipo unatafuta viatu. Malipo yako yalianza kuhesabiwa pale kwenye sahihi, na msimamizi aliyekuita aliulizwa asubuhi ni kwa nini ameita. Kwa sababu hiyo hakuna msimamizi aliyekuita kwa jambo la kipuuzi, maana kitabu kilimsema yeye kwanza.

Leo mnasema mambo ni magumu kwa sababu ya teknolojia, nami naona kinyume chake. Simu yako imeandika dakika uliyotumiwa ujumbe, dakika uliyousoma na dakika uliyojibu, tena imeandika vizuri kuliko karani yeyote tuliyewahi kuwa naye pale stesheni. Kitabu mnacho mkononi. Kinachokosekana ni mhasibu wa kukifungua mwisho wa mwezi.

Mwanaidi, saa 4:24 asubuhi
Baba Mdogo, shikamoo. Hilo la kitabu sikuwahi kulisikia, na limenigusa sana.

Salim, saa 4:39 asubuhi
Shikamooni wazee wangu, salamu kutoka Nairobi. Huku jambo hili limefika hadi Seneti. Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka muswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira mwaka 2022, ukitaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya kumi akae nao na kuandika utaratibu wa mawasiliano ya nje ya saa za kazi, na ukipendekeza faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha mwaka mmoja kwa atakayekiuka. Shirikisho la Waajiri la Kenya liliupinga. Mimi nafanya kazi ya kuwahudumia wateja walio Marekani, ambako mchana wao ni usiku wetu, kwa hiyo kazini kwetu hoja ya waajiri ilisikika sana: kwamba sheria ya namna hii itawafukuza wateja wa nje.

Naomba niseme wazi kwamba hoja hiyo haijanishawishi. Mimi naingia kazini saa mbili usiku na kutoka saa kumi na moja alfajiri, na sina ugomvi na usiku, kwa sababu ni zamu yangu, nimeikubali na inalipwa. Kinachonichosha ni simu ya saa tano asubuhi, nikiwa usingizini, ya kuniuliza jambo ambalo limeandikwa kwenye ripoti niliyoiacha. Mteja wa Marekani hakuniamsha. Aliyeniamsha ni mtu wa ghorofa ile ile ninayofanyia kazi, ambaye hakutaka kufungua faili.

Kuhusu teknolojia, kampuni ya Volkswagen kule Ujerumani ilikubaliana na wawakilishi wa wafanyakazi wake mwaka 2011 kwamba baadhi yao wasipelekewe barua pepe kwenye simu kuanzia nusu saa baada ya zamu mpaka nusu saa kabla ya zamu inayofuata. Mtambo wenyewe ndio uliozuia, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuwa jasiri mbele ya bosi wake. Na Gmail imekuwa na nafasi ya kupanga saa ya barua kuondoka tangu mwaka 2019. Mtu anaweza kuandika usiku wazo likiwa bado moto, na barua ikaondoka saa mbili asubuhi.

Rehema, saa 4:50 asubuhi
Hilo la ujasiri ndilo linalonifanya niipende zaidi njia ya Ureno. Ufaransa, tangu Januari 2017, imezitaka kampuni zenye watu 50 na zaidi zijadiliane na wafanyakazi kuhusu jambo hili. Australia imempa mfanyakazi haki ya kukataa. Ureno yenyewe, kwa sheria ya mwishoni mwa 2021, imemwekea mwajiri wajibu wa kutomtafuta mfanyakazi wakati wa mapumziko yake, isipokuwa kukitokea jambo lisilozuilika. Mzigo wa kunyamaza umebebeshwa mwenye nguvu. Mimi msichana wa mkataba wa mwaka mmoja, ukinipa haki ya kukataa, nitaitumia mara ngapi kabla mkataba haujafika mwisho?

Hamisi, saa 5:15 asubuhi
Nimekaa na maneno yenu na nimepitia simu yangu ya wiki hii. Nilituma ujumbe 31 baada ya saa mbili usiku. Uliokuwa wa gari kuharibika au mzigo kuzuiwa ni minne. Iliyobaki ni ya ripoti za mafuta, picha za risiti, na kukumbushana mambo ya kesho. Tisa niliwatumia madereva, na wawili kati yao walikuwa wamelala Singida ili waendelee na safari alfajiri. Sikuwahi kuliwaza kwa namna hiyo, kwamba namwamsha mtu ambaye saa chache zijazo atashika usukani wa tani 30.

Lakini Rehema, niambie na hili. Mkurugenzi wangu hunitumia yeye saa tatu, saa nne, na anataka majibu. Mimi nahesabiwa na nani?

Rehema, saa 5:22 asubuhi
Kaka, hapo sheria yetu ina pengo. Masharti yale ya saa za kazi hayamhusu mtu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Wewe uko katika kundi hilo. Ninavyoona mimi, ndipo maji yanapoanzia kumwagika, kwa sababu mtu ambaye saa zake hazihesabiwi huzimwaga kwa wale walio chini yake, ambao zao zinatakiwa kuhesabiwa.

Shangazi, saa 5:40 asubuhi
Mnazungumza ya makampuni makubwa. Mimi nina mgahawa na vijana wanne. Bei ya samaki naijua usiku, nikipigiwa na watu wa soko la samaki la Deep Sea, na hapo ndipo nampigia mpishi kumwambia kesho tunapika nini. Nifanyeje, nimwandikie barua?

Baba Mdogo Idi, saa 5:44 asubuhi
Dada yangu, mpigie, lakini iwe saa moja inayojulikana, na iingie kwenye hesabu yake ya wiki. Kama ni dakika tano, andika dakika tano.

Mwanaidi, saa 5:58 asubuhi
Shangazi, naomba radhi kabla ya kusema, na unisamehe kama nitakuwa nimevuka mpaka. Tangu asubuhi namfikiria binti anayetusaidia pale nyumbani. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011 kuhusu wafanyakazi wa majumbani unasema kwamba muda ambao mtu hana uhuru nao, kwa sababu yuko tayari kuitwa na wenye nyumba, uhesabiwe kuwa muda wa kazi kwa kadiri sheria za nchi zinavyoelekeza. Yeye hatumiwi ujumbe. Anaitwa kwa jina lake kutoka sebuleni, na wakati wote anaitikia.

Rehema, saa 6:03 mchana
Ni kweli, nami nimo katika hilo, kwa sababu kila nikija likizo namwita kama wengine. Sheria yetu inaruhusu zile saa 12 zipunguzwe hadi 8 kwa mfanyakazi anayeishi mahali pa kazi. Chini ya 8, hapana.

Salim, saa 6:05 mchana
Mimi Desemba nilimwamsha saa saba za usiku anifungulie. Nilikuwa natoka stendi.

Hamisi, saa 6:30 mchana
Nimewaandikia watu wangu sasa hivi. Kuanzia Jumatatu, baada ya saa kumi na mbili jioni nitapiga simu kwa ajali, kuharibika gari au mzigo kuzuiwa tu, na mtu wa kuitwa atajulikana kwa orodha ya wiki. Ripoti za mafuta zitasubiri asubuhi. Mkurugenzi nimemwomba tuonane ana kwa ana, maana hilo siwezi kulimaliza kwa maandishi.

Shangazi, saa 9:14 alasiri
Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikwenda kukaa na yule binti jikoni na kumuuliza, na mwanzoni alidhani amekosea kitu. Analala saa tano usiku, baada ya kumngoja Yusufu arudi ili afunge geti, na anaamka saa kumi na moja alfajiri kuchemsha maji ya babu yenu. Nimehesabu mara mbili kwa vidole: ni saa sita. Ana mwaka wa tatu nyumbani kwangu, na hajawahi kunilalamikia hata siku moja.

Maji ya babu nitayachemsha mwenyewe, kwa kuwa saa hizo nimekwisha kuamka kwa ajili ya swala. Yusufu, najua unasoma. Jumatatu pita kwa fundi pale Ngamiani uchonge ufunguo wako wa geti.

Yusufu, saa 9:16 alasiri
Sawa mama. Naenda leo.