Darasa la kwanza: muda unapotea kati ya kipindi na kipindi

MwalimuMgeni
Shikamooni wakubwa, na habari za kazi walimu wenzangu. Mwaka huu nimepewa darasa la kwanza. Kufundisha kwenyewe kunakwenda, ila kutoka hesabu kuingia kusoma ni vurugu tupu. Huyu anatafuta penseli, yule anachonga, wengine wanaomba kwenda chooni, na aliyekwisha kujiandaa anachoka kusubiri, anaanza uchokozi. Nikipaza sauti wananyamaza kidogo tu. Mnafanyaje?

BiSubira
Marahaba mwanangu. Sauti itunze, utaihitaji. Anza na penseli, maana fujo nyingi huanzia hapo. Weka makopo mawili mezani: la zilizochongwa na la butu. Ncha ikikatika, mtoto anakuja kimya, anaacha butu, anachukua kali, anarudi kuketi. Kuchonga ni baada ya masomo.

Halafu fundisha utaratibu wenyewe kama unavyofundisha herufi. "Toeni madaftari ya kusoma" kwako ni neno moja. Kwa mtoto wa miaka 6 ni kazi nne: afunge la hesabu, alirudishe, atafute la kusoma, afungue ukurasa. Onyesha wewe, waite wawili waonyeshe, kisha darasa zima. Wakivuruga, waanze upya, bila hasira. Wiki za mwanzo mimi huacha hata silabi zisubiri kwa ajili ya hili. Na majalada yawe na rangi, nyekundu hesabu, bluu kusoma, kwa kuwa wengi bado hawawezi kusoma kilichoandikwa juu yake.

Chaki_Nyeupe
Bi Subira kasema kweli. Jacob Kounin, mtafiti wa Marekani, alichunguza madarasa yaliyotulia na yenye fujo. Mwaka 1970 akaeleza kuwa tofauti haikuwa namna mwalimu anavyokemea kosa likishatokea. Ilikuwa namna anavyolizuia, akiliona darasa lote bila kukatiza mwendo wa somo.

Ndiyo maana kwa choo natumia ishara: mtoto anainua vidole viwili, naitikia kwa kichwa, somo linaendelea. Anatoka mmoja mmoja, lakini aliyebanwa kweli simzuii hata kama mwenzake hajarudi. Mtoto akijikojolea mbele ya wenzake anaumia sana, na shule anaweza kuichukia.

MwalimuMgeni
Asanteni mno. Makopo naanza nayo kesho. Na yule anayemaliza mapema?

BiSubira
Kazi yake iwe imeshaandikwa ubaoni kabla hajamaliza, tena kwa mchoro: kitabu, au penseli ya kuchorea. Asije kukuuliza. Usimgeuze msaidizi wako wa kila siku, naye ni mtoto. Na kona ya vitabu isiwe ya wepesi peke yao. Wale wa polepole watengee siku yao ya kukaa huko, kwa sababu ndio wanaohitaji vitabu kuliko wote.