Tupeane uzoefu: pikapu inayotetema ikifika kilomita 90 na kuendelea

Dabokabu_Langata:
Wadau, habari za jioni. Naomba tukusanye hapa visa vya pikapu zinazotetema zikishika kasi. Sizungumzii kurukaruka kwenye matuta, wala mtikisiko wa gari lililosimama kwenye foleni ya Mombasa Road. Nazungumzia ile pikapu ambayo mjini haina neno, ila ukiingia Southern Bypass au ukiipita Juja ukakanyaga mafuta, inaanza kutetema ikikaribia 90.

Nauliza kwa sababu watu wanaumizwa mfuko na jambo hili. Fundi akisikia tu "inatetema" anaanza kutaja vipuri vya usukani na springi: boljointi, tairodi, shoki, bushi. Unanunua vyote, na Jumamosi ukienda ushago mtetemo uko palepale. Anayejua atuambie dalili ilikuwaje, ilipatikanaje, na ilikuwa nini hasa.

Naanza na yangu. Hilux dabokabu ya dizeli, tairi 265/65R17. Baada ya mvua za masika, barabara zikiwa zimejaa mashimo, usukani ulianza kucheza kushoto kulia kuanzia 85, ukakolea kati ya 95 na 100, ukivuka 110 unapungua. Kiti kimetulia kabisa. Nikapeleka kubalansi, mashine ikasoma sifuri kwa tairi zote nne. Nikarudi barabarani, ni yaleyale.

Aliyeiona ni fundi wa tairi pale Ngara. Aliinua gari mbele kwa jeki, akachukua kipande cha waya, akakisimamisha juu ya tofali hadi ncha ikakaribia kugusa ukingo wa rimu upande wa ndani, kisha akazungusha tairi kwa mkono polepole. Sehemu moja waya uliguswa, sehemu ya pili nafasi ikawa unapitisha kidole. Rimu ilikuwa imepinda upande wa ndani, ule usioonekana ukisimama nje. Alinieleza kitu ambacho nataka kila mwenye gari akijue: mashine ya balansi inapima uzito. Rimu iliyopinda inaweza kuwekewa vipande vya risasi mpaka uzito ukalingana, lakini bado haiko duara, na barabarani itakupiga tu. Tuliweka speya mahali pake, mtetemo ukaisha siku hiyo hiyo.

KabejiExpress:
Mimi napakia Kinangop usiku, alfajiri niko soko la Wakulima. D-Max singokabu. Kila msimu wa mvua watu wetu wanalia mtetemo wa sakafu, na mara nyingi ni matope tu. Yanaingia ndani ya rimu, yanakauka, yanakuwa donge zito upande mmoja. Kabla hujampelekea mtu pesa, lala chini na tochi, kwangua rimu kwa ndani, osha kwa maji ya presha. Mwenye kuosha gari mwambie waziwazi aoshe ndani ya rimu, maana yeye anaangalia bodi ing'ae.

Fundi_Grogan:
Niko Kirinyaga Road miaka mingi, wazee bado wanaiita Grogan. Asante kwa mada hii, na yule wa waya alifanya kazi ya kweli. Niongeze upande wa shafti, lile bomba refu linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma, kwa sababu hapo ndipo pikapu inapotofautiana na salunu za gurudumu la mbele, na ndipo watu wanapotezewa muda.

Kwanza jifunze kutofautisha mtetemo wa tairi na wa shafti kwa mwili wako. Tairi la 265/65R17 likizunguka mara moja linakula kama mita 2.4 za barabara. Kwa kilomita 100 kwa saa, hiyo ni kama mizunguko 11 kwa sekunde. Shafti ya propela inazunguka haraka kuliko tairi kwa kadiri ya difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Difu ya 3.9, yaani shafti mara 3.9 kwa kila mzunguko wa tairi, inaipa shafti kama mizunguko 44 kwa sekunde kwa kasi hiyo hiyo. Kwa hiyo mtetemo wa tairi unausikia kama mapigo, mkono unacheza, maji kwenye chupa yanatikisika. Wa shafti ni mvumo: sakafu inanguruma chini ya nyayo, kioo cha kati kinakuonyesha magari ya nyuma yakiwa na ukungu, masikio yanachoka. Mteja akiniambia "inavuma" na si "inapiga", naenda chini ya gari kabla sijagusa tairi.

Pili, jaribio la nyutro. Tafuta barabara tupu iliyonyooka, fika kasi inayotetema, weka nyutro, acha injini iendelee kuwaka. Mtetemo ukikata papo hapo, angalia maunti za injini, klachi, au kitu kinachotegemea mzigo. Ukiendelea vilevile, ni tairi, habu (kitovu kinachofungiwa rimu) au shafti. Wengi wanadhani nyutro inaiondolea shafti lawama. La, shafti bado inazungushwa na magurudumu ya nyuma, haijapumzika. Na tafadhali sana, USIZIME injini gari likiwa linatembea. Unapoteza nguvu ya breki na ya usukani, na ukichomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga.

Sasa kisa. Aliniletea mtu pikapu iliyokuwa imebadilishwa klachi mahali pengine. Kabla ya klachi ilikuwa shwari, baada ya klachi inavuma kuanzia 70. Ameshanunua tairi mbili na beringi ya kati. Nilipolala chini niliona jambo moja: shafti ile ni ya vipande viwili, na ilipounganishwa tena kwenye meno ya katikati, yoki, yaani yale masikio mawili yanayoshika krosi (kiungo cha umbo la msalaba kinachoruhusu shafti kujipinda), hazikuwa kwenye mstari mmoja. Krosi ikifanya kazi kwa pembe, haizunguki kwa mwendo sawa. Inaharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya pili ipo ili iondoe kasoro ya ile ya kwanza, lakini inaweza tu ikiwa masikio yamepangwa kama kiwanda kilivyoyapanga. Ukikosea hata meno machache, kasoro mbili zinajumlishana badala ya kufutana. Niliichomoa, nikatafuta alama ya kiwanda chini ya uchafu, nikairudisha kwenye mstari. Hatukununua chochote.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila mwenye pikapu: siku shafti inatolewa kwa sababu yoyote, simama hapo, hakikisha fundi amepiga alama kwa rangi au patasi, kila kipande na mwenzake, na flanji ya difu pia, ile sahani inayofungiwa shafti. Chaki inafutika na grisi.

Ranger_Ruaka:
Yangu niliinunua mkononi ikiwa na rimu za kupendeza zilizotoka kwa Hilux. Matundu sita, yameingia sawasawa, nani angeshuku? Usukani ukawa unatetema kuanzia 90, balansi haisaidii. Kumbe Hilux na Ranger zinafanana nafasi ya matundu, matundu 6 kwenye duara la milimita 139.7, lakini kitovu si kimoja. Tundu la katikati la rimu ya Hilux ni la habu ya milimita 106, habu ya Ranger ni 93. Rimu inabaki ikining'inia kwa nati peke yake, na nati zikikazwa vibaya inakaa pembeni kidogo ya kitovu. Nilitafutiwa ringi za kujazia nafasi hiyo na nati za koni zinazolingana na rimu, zikakazwa kwa mkono kwa mtindo wa nyota tairi likiwa hewani, kisha zikamaliziwa kwa spana ya kupimia. Tangu hapo imetulia. Mkinunua rimu, pimeni tundu la katikati.

Mama_Maziwa_Kitengela:
Hamjambo. Naomba na mimi nichangie, maana yangu ilikuwa kinyume na zenu. Nafuga ng'ombe, pikapu yangu inabeba chakula na mitungi ya maziwa. Nilimwambia fundi aniongezee mabamba ya springi nyuma kwa sababu ilikuwa inakaa chini sana. Akaongeza. Baada ya hapo ikawa gari likiwa tupu linavuma kuanzia 80, hasa nikikanyaga mafuta, nikiachilia linatulia. Nikipakia magunia, kimya kabisa hadi Nairobi na ukweli ni kwamba nilianza kupakia mawe ili nisafiri kwa amani.

Mtoto wa dada yangu anasoma umekanika. Alikuja na simu yenye programu ya kupima mteremko, akaiweka juu ya flanji ya difu, kisha juu ya shafti, kisha nyuma ya giaboksi. Akanionyesha namba kwa namba: gari lilipoinuka nyuma, pembe kati ya difu na shafti ilibadilika, pembe ya krosi ya nyuma ikawa hailingani tena na ya mbele. Nikiwa na mzigo springi zinashuka na pembe zinarudi kulingana. Dawa ilikuwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli, moja kila upande, za unene mmoja, kuirudisha difu mahali pake. Ndugu zangu mnaoinua pikapu kwa ajili ya mzigo au kwa urembo, ulizeni habari ya pembe kabla ya kulipa.

Fundi_Grogan:
Mama, huyo kijana akimaliza chuo mlete Grogan. Amesema sawa kabisa. Mtetemo unaokuja na mafuta na kuondoka ukiachilia, hapo fikiria pembe au krosi. Krosi iliyokauka utaiona: pembeni ya vikombe vyake kuna unga mwekundu wa kutu. Na ukihamisha gia kutoka mbele kwenda rivasi inagonga "tak". Kama shafti yako ina nipo, yaani vitundu vya kutilia grisi, zipigwe kila sevisi. Wengi wanazipita kwa sababu haziko machoni.

Mgeni_Rongai:
Na mimi usukani unatetema nikishika breki tu, nikiteremka Mai Mahiu. Bila breki hakuna kitu.

Dabokabu_Langata:
Hiyo ni diski za mbele karibu kila mara, kaka. Zipimwe unene na mzunguko kabla hujafikiria tairi. Na mwambie fundi asikaze nati kwa mashine ya upepo mpaka mwisho, nati zisizolingana zinaweza kuivuta diski ikapinda. Mteremko ule pia ushuke na gia, usikae juu ya breki.

DerevaMstaafu:
Nitasema moja, na naomba lisomwe vizuri. Si kila mtetemo unaruhusu kurudi nyumbani kwanza.

Nilikuwa nikitoka Nakuru, pikapu ya kampuni, tairi la nyuma kushoto likiwa la kukatwa upya, yaani meno yamechongwa tena juu ya tairi lililolika. Mtetemo ulianza ghafla, na tofauti na wenu, ulikuwepo hata kwa 40, ukawa unazidi kila dakika. Niliingia pembeni maeneo ya Kinungi nikazungusha kiganja juu ya tairi. Kulikuwa na uvimbe laini, mpana kama kiganja chenyewe, kwenye uso unaokanyaga lami. Nyuzi za ndani zilikuwa zimeanza kuachana na mpira. Tairi la namna hiyo halitoi onyo la pili. Likipasuka nyuma gari likiwa na mzigo, hulishiki tena. Nilibadilisha hapo hapo barabarani, nikawajulisha ofisini kwamba sitaendesha tena tairi la aina hiyo.

Mtetemo uliokuwepo mwezi mzima, unaokuja kwa kasi fulani na kuondoka, huo tafuteni kwa utulivu. Mtetemo wa leo, unaozidi, simama sasa. Kagua tairi kwa macho na kwa kiganja, ndani na nje, kaza nati. Na someni umri wa tairi: mwisho wa maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazima linaweza kuwa limezeeka vibaya.

KabejiExpress:
Mzee asante. Hili la kiganja nawapelekea vijana wangu leo usiku.

Ranger_Ruaka:
Fundi, swali. Boljointi na tairodi zilizochoka haziletei mtetemo kamwe? Maana kila gereji inaanzia hapo.

Fundi_Grogan:
Zenyewe hazizunguki, kwa hiyo si kawaida kuwa chanzo. Zinachofanya ni kuukuza mtetemo mdogo ambao gari zima lingeumeza. Ndiyo maana ukibadilisha boljointi mtetemo unapungua, unafurahi, kisha baada ya muda unarudi, kwa sababu rimu au tairi bado ni lile lile. Kama zina uchezaji zibadilishwe, hilo ni la usalama, halina mjadala. Lakini chanzo kitafutwe kwenye kinachozunguka: tairi, rimu, habu, diski, shafti.

Jaribio la bure ni kuhamisha tairi za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kiti, umeshajua ni tairi au rimu. Usipohama, rudi kwenye habu na shafti. Na jaribuni mahali mnaporuhusiwa kufika kasi hiyo. Nairobi Expressway mwisho ni 80, wengi wanajaribia pale wakidhani gari limepona, kumbe halijafikishwa kwenye kasi ya ugonjwa wake.

Ukija kwa fundi njoo na majibu haya: unaanza kasi gani, unaisha kasi gani, uko usukani au kiti, unabadilika ukikanyaga mafuta au breki, na ulianza baada ya kazi gani. Na kama imethibitika ni shafti, karakana za kuibalansi ziko Industrial Area. Peleka shafti nzima, vipande vyote viwili na beringi yake ya kati vikiwa vimeungana, krosi mpya zikiwa zimeshafungwa. Ukiibalansi kisha ukabadilisha krosi, itabidi uirudishe tena kwenye mashine.