Naomba ushauri: Honda CR-Z ya gia za mkono kwa milima ya huku

Habari zenu wakuu. Niko Mbeya, na mara nyingi nashuka mteremko mrefu wa Kitonga. Natafuta gari la spoti la haibridi (petroli na umeme) lenye klachi ya mguu, na naona yanaisha: CR-Z iliacha kutengenezwa 2016, na Honda Prelude mpya ya haibridi haina kabisa pedali ya klachi, inaigiza tu kubadilisha gia. Inaniuma, maana kwangu kuchagua gia mwenyewe kwenye mteremko ni usalama, si mbwembwe.

CR-Z ina injini ya lita 1.5 na gia sita, mota ya umeme ikiwa kati ya injini na giaboksi. Mafundi niliowauliza Mwanjelwa wanaijua klachi vizuri, lakini tukifika kwenye betri kubwa wananyamaza. Nimepata mbili mtandaoni: ya 2011 yenye betri ya nikeli, na ya 2013 yenye ya litiamu, ambayo bei yake imechangamka.

Kwa aliyewahi kuimiliki: betri ikishajaa katikati ya mteremko mrefu, mota ikawa haisaidii tena kupunguza mwendo kwa kuichaji, gia ya pili inalishika gari bila kuchosha breki? Na kwa umri huo, niongeze hela nichukue ya litiamu, au ya nikeli inatengenezeka kirahisi hapa nchini?