Naomba ushauri: mbwa gani anafaa kutafuta pembe za kulungu zilizodondoka, na kufuata kulungu aliyejeruhiwa?

Mdigo wa Baridini
Habari za humu wakuu. Niko Marekani, jimbo la Minnesota, kusini mashariki, upande wa Winona, kule vilima vinakoteremkia mto Mississippi. Kulungu wa huku, wale wenye mkia mweupe (white-tailed deer), ni wengi, na kila msimu wa baridi, hadi kufika Machi, madume huangusha pembe. Theluji ikianza kuyeyuka watu wanaingia porini kuziokota. Jimbo hili halidai kibali cha kuziokota wala cha kuziuza. Zinauzwa kwa uzito, na mpya za kahawia zina bei kuliko zile zilizokwisha pauka kwa jua.

Shida ni kwamba pembe ina rangi ya majani makavu. Unapita karibu kabisa na huioni. Mzee mmoja mwenye shamba la mahindi ameniruhusu kuzunguka kwake, sasa nataka mbwa wa kunisaidia. Halafu Novemba, msimu wa bunduki ukifunguliwa, mbwa huyohuyo awe anafuata kulungu aliyepigwa akakimbilia msituni. Wawindaji wengi hupoteza mnyama giza likiingia, nyama inaoza bure. Hilo linaniuma sana. Nimekulia Muheza, kwetu nyama haitupwi.

Nichukue aina gani? Kitoto au mkubwa? Naanzia wapi kumfundisha? Usingizi sipati kwa jambo hili, naombeni ushauri wa maana.

Temeke Damu
Mkuu umevuka bahari kwenda kuokota pembe? Sisi huku tunauza mbuzi tupate nauli ya kuja huko. Lakini kama zinalipa, nitafutie mchongo, mimi kunusa najua.

Bibi Shamba
Mwanangu, marehemu baba yangu kule Handeni alikuwa na mbwa wa kufukuza nguruwe pori kwenye mahindi. Mbwa koko watupu, hakuna cha aina. Jike mmoja aliitwa Watasema, na ndiye aliyefundisha wengine wote. Baba hakuwahi kumfundisha kitoto hata siku moja, alikuwa anamwachia Watasema atembee nao. Ukisikia sauti yake imebadilika unajua nguruwe amesimama, na watoto wake wakajifunza kutopiga kelele ovyo. Alipokufa tulimzika chini ya mkorosho, na majirani walisema kweli. Usihangaike na mbwa wa dola elfu. Tafuta mbwa mzee anayejua kazi, umpe kijana amfuate.

Ustadh Bagamoyo
Assalaam alaykum. Ndugu yangu umeuliza aina ya mbwa, hujauliza kama unaruhusiwa kumfuga. Mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa. Soma Al-Maida aya ya 4, wametajwa wanyama wa kuwindia waliofundishwa. Lakini sisi wa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mjengee banda nje, awe na sahani yake. Je, mama watoto analijua hili?

Dokta wa Ng'ombe
Mleta uzi, swali lako zuri ila umeunganisha kazi mbili zinazovutana. Nieleze kidogo.

Mbwa wa pembe anatafuta kitu kilicholala, kisicho na uhai. Anatumia pua na macho pia, maana ncha ya pembe ikitokeza kwenye majani anaitambua kwa umbo. Kwa kazi hii wengi huko hutumia Labrador, kwa sababu amezaliwa akipenda kubeba kitu mdomoni na kumletea mtu. Mbwa wa kufuata damu anatakiwa awe mtulivu, ainamishe kichwa, afuate mnyama mmoja tu hata njia ikikatwa na kulungu wengine kumi wazima. Wajerumani hupenda Dachshund wa manyoya magumu kwa kazi hii. Mfupi, pua iko chini muda wote, na hana haraka. Na si damu tu anayoifuata. Kulungu ana tezi katikati ya kwato, kila anapokanyaga anaacha harufu yake mwenyewe, ndiyo maana mbwa mzuri anaendelea hata damu ikikauka.

Mbwa mmoja anaweza kufanya zote mbili, wapo. Ila kila kazi iwe na vazi lake: akivishwa kola hii anajua leo ni pembe, akifungwa mkanda wa kifuani na kamba ndefu anajua leo ni damu. Na katika kazi zote mbili kuna sharti moja lisilo na mjadala: asimkimbize kulungu mzima.

Sasa niambie, kuna mbwa tayari unayemfikiria? Maana unavyouliza ni kama umeshamwona.

Mdigo wa Baridini
Ahsanteni. Ustadh, banda lipo, nimepanga nyumba yenye gereji na ua. Mama watoto tutaongea.

Dokta, ndiyo, kuna mmoja. Dume, ana miaka miwili, baba Labrador na mama ni wa wale mbwa wa msako wenye masikio marefu. Mzima wa afya, mrembo, macho ya akili. Nimeona mkubwa ni nafuu kuliko kitoto, hakojoi ndani na pua imekomaa. Bei yake nzuri mno.

Dokta wa Ng'ombe
Bei nzuri mno kwa nini?

Kipanga wa Arusha
Mimi niongezee upande wa mafunzo. Huku kwetu Usa River, shirika la African Wildlife Foundation walifundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu, wakapelekwa viwanja vya ndege na bandari ya Mombasa. Watu wanadhani mbwa yule anapenda pembe. Hapendi pembe hata kidogo, anapenda mpira. Akiikuta harufu anakaa, anatulia, anamwangalia mtu anayemwongoza, mpira unatoka. Basi. Hajui magendo wala nini. Kwa hiyo, mkuu, kabla ya aina ya mbwa, tafuta mbwa mwenye wazimu wa kuchezea kitu. Mtupie mpira kwenye nyasi ndefu. Akiutafuta hadi aupate, huyo anafaa. Akikata tamaa akarudi kukuangalia, mwache.

Temeke Damu
Kumbe hata mbwa wana ajira ya serikali, sisi tumekaa na vyeti.

Dokta wa Ng'ombe
Mleta uzi, nimeuliza na narudia. Kwa nini wanamuuza rahisi?

Mdigo wa Baridini
Sawa, naweka wazi ili nisaidike. Mwenye mbwa anasema mbwa huyo ana mapenzi makubwa na kulungu. Akiwaona anatoka mbio hata akiwa na kola, kuna siku alitoka akarudi kesho yake. Mwenye mbwa anakaa karibu na barabara kuu ndiyo maana anamtoa. Nami nimeshatoa kianzio cha dola 200.

Lakini kabla hamjanirukia: si ndiyo kazi yenyewe? Wengine wanahangaika kumfundisha mbwa harufu ya kulungu, huyu anaijua tayari. Ni suala la kumwelekeza tu. Na mbwa wa aina hii aliyefundishwa kabisa bei yake mimi siiwezi kwa mshahara wa zamu ya usiku.

Dokta wa Ng'ombe
Hapo ndipo penye tatizo, na ningependa ulisome taratibu. Sheria ya Minnesota inamruhusu hata raia wa kawaida kumuua mbwa aliyemwona akimuua, akimjeruhi au akimkimbiza kulungu kwa namna ya kumhatarisha, kuanzia Januari 1 hadi Julai 14, mahali panaporuhusiwa kufyatua risasi. Angalia kalenda yako ya kuokota pembe iko wapi. Iko humo humo ndani. Mwisho wa baridi kulungu wamedhoofu, wamekula akiba yote ya mafuta, na majike wana mimba. Kukimbizwa kwenye theluji kunawamaliza.

Na kufuata aliyejeruhiwa kunaruhusiwa huko kwa mbwa aliye kwenye kamba. Mbwa anayelipuka akiona mkia mweupe atakuangusha kwenye jabali ukiwa umeshika kamba usiku.

Harufu ya kulungu anaijua, kweli. Ila amekwisha jifunza kwamba harufu ile maana yake ni mbio, na mbio zenyewe ndizo zawadi. Kumfutia hilo ni kazi kubwa kuliko kumfundisha kitoto asiyejua kitu.

Bibi Shamba
Watasema naye aliwahi kufukuza mbuzi wa watu. Baba alimfunga na dume la mbuzi zizini usiku kucha. Asubuhi hakutaka tena kuona mbuzi.

Dokta wa Ng'ombe
Bibi shikamoo, lakini tafadhali asijaribu hilo na kulungu.

Mwerevu Kinondoni
Wakuu samahani, mimi naona hii ni chai. Kwanza, mwanzo wa uzi hujachagua mbwa, unaomba aina. Ghafla umeshalipa. Pili, pembe zinadondoka zenyewe? Nimezaliwa Mikumi, nimeona swala, nyati, tandala, sijaona hata mmoja anayemwaga pembe kama mwembe. Pembe ya swala ikitoka ujue amevunjika. Huyu yuko Mbagala anatunga, anataka tujaze kurasa.

Temeke Damu
Duh. Kweli bwana. Mleta uzi tupe picha ya mbwa na theluji.

Ustadh Bagamoyo
Tusimdhanie mtu vibaya. Ila nami lile la mama watoto sijajibiwa.

Dokta wa Ng'ombe
Mwerevu, la pembe umekosea. Swala, tandala na nyati ni jamii nyingine. Pembe yao ni mfupa uliovikwa gamba gumu kama kucha, na inakaa maisha yote. Ya kulungu wa Marekani ni mfupa mtupu. Inaota upya kila mwaka, ikikua imefunikwa ngozi laini yenye damu na manyoya, kisha ngozi inakauka anaisugua kwenye miti. Msimu wa kupandana ukiisha, homoni ya kiume inashuka, mfupa unalegea pale kwenye shina, pembe inaanguka. Jamii hiyo kwa asili haipo huku kwetu, Afrika iko kaskazini tu, kama Aljeria na Tunisia. Kwa hiyo mtu wa Mikumi hana lawama kwa kutoiona.

Mdigo wa Baridini
Siwezi kuweka picha ya mbwa wa watu ambaye sijamchukua. Lakini nina pembe moja mbele yangu hapa mezani, niliipata kwenye shamba la yule mzee, chini ya uzio kulungu wanaporuka. Shina lake ni duara lenye vinundu vinundu pembeni, na pale ilipobandukia kuna uso mweupe wenye kwaruzo, kama ukigusa unakata. Ina ncha nne. Ncha moja imetafunwa na panya, alama za meno ziko wazi, maana panya na kindi wanaila kwa ajili ya madini. Chini ni nyeusi ilikosugua miti, juu inang'aa. Anayesema natunga aniambie nani atatunga meno ya panya.

Ustadh, mama watoto hajui. Nimemwambia nafikiria tu. Yeye ni mtu wa Pangani, mbwa kwake anabweka nje kwa jirani. Nilitaka kwanza niwe na hoja, nimwonyeshe kwamba mbwa ana kazi.

Bibi Shamba
Hoja utaipata baada ya mbwa kufika? Mwambie leo, mwanangu. Mimi mwanamke nakwambia, hatakasirikia mbwa, atakasirikia kuambiwa mwisho.

Kipanga wa Arusha
Meno ya panya yamenishawishi. Turudi kwenye mbwa.

Mwerevu Kinondoni
Nimeelewa la pembe, ahsante Dokta. Uzi uendelee.

Mdigo wa Baridini
Nimeongea naye. Amenyamaza muda mrefu, kisha akasema gereji sawa, ndani hapana, na mimi ndiye wa kuosha sahani. Mwenye nyumba naye amekubali kwa nyongeza ya kodi.

Lakini bado namtaka yule. Nimeongea na muuzaji, amekubali nikae naye kwa majaribio, asipofaa nirudishiwe kianzio. Dokta, nimpimeje?

Dokta wa Ng'ombe
Hapo umefanya la maana. Mpime hivi. Mfunge mkanda wa kifuani na kamba ya mita tisa, usimwachie hata sekunde. Simama mbali, mahali kulungu wanapotoka kula jioni, nawe uwe na kipande cha ini lililokaushwa. Akiwaona, mwite mara moja. Akigeuza hata sikio tu, msogeze mbali zaidi, urudie. Huyo bado anakusikia na kuna pa kuanzia. Akiwa hakusikii kabisa hata kwa umbali mkubwa, anatetemeka na kulia, mrudishe, chukua kitoto cha Labrador ambacho wazazi wake wamepimwa nyonga.

Akipita, anza na pembe nyumbani, ila usimpe aitafune. Zile zinazouzwa madukani kama vitafunwa zinavunja gego kubwa la juu, nimeona. Mwanzo tumia ya mpira laini yenye umbo la pembe, maana ncha ya kweli ikimchoma mdomoni mara ya kwanza ataiogopa. Mrushie ukumbini, aibebe, akupe, umpe zawadi. Kisha nyasi fupi, kisha ndefu. Ukizificha porini, ziweke jana yake na uende kwa kuzunguka, la sivyo atafuata nyayo zako badala ya pembe.

Damu iache hadi kiangazi. Kwato za kulungu waombe wawindaji, uziburute kwa kamba na matone machache ya damu, uziache kwa muda wa saa mbili, baadaye usiku mzima. Na Novemba usiwe na pupa: aliyepigwa tumboni huachwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili kabla ya kumfuata, ukimwahi anainuka na kwenda mbali.

Halafu dawa ya kupe. Huko kupe wa kulungu wanaleta ugonjwa wa Lyme, kwa mbwa na kwako pia.

Mdigo wa Baridini
Ubarikiwe Dokta. Hii pembe ya mezani nimeishika sana. Niioshe kwa sabuni?

Dokta wa Ng'ombe
Sabuni hapana, atajifunza kutafuta sabuni. Isuuze kwa maji matupu, ianike nje ipigwe na upepo mbali na gereji, na kuanzia hapo ishike kwa glavu za mpira peke yake. Tafuta na nyingine mbili tatu za ukubwa tofauti, moja iwe imepauka.