Kusafiri peke yangu kwa ndege na mapacha wa miezi 14: nani akae wapi?

Nalongo wa Kira aliuliza:

Hamjambo nyote. Mimi ni mama wa mapacha, Babirye na Nakato, wenye umri wa miezi 14, na mwezi ujao tutaondoka Entebbe kwenda Brussels, ambako Ssalongo, yaani baba yao, anasoma. Nitakuwa peke yangu. Kwa kuwa wote wawili hawajatimiza miaka miwili, nilidhani ningewapakata wote, mmoja kila paja, na kuwalipia ile sehemu ndogo ya nauli, lakini wakala wa tiketi ameniambia kwamba mmoja ni lazima anunuliwe kiti chake, nami nije na kiti cha gari cha kumfungia humo. Je, huo ndio utaratibu, au ananikamua pesa? La pili ni masikio. Mama mkwe wangu, ambaye simpingi kwa urahisi, anataka niwape kijiko kimoja kimoja cha Piriton kabla ya kupanda ili walale hadi Ulaya.

Mhudumu Mstaafu alijibu:

Hongera kwa mapacha, Nalongo. Wakala wako hakudanganyi. Nilihudumia abiria angani kwa miaka tisa, na swali lako niliulizwa mara nyingi na akina mama waliokwisha kufika mlangoni mwa ndege, wakati ambapo jibu haliwasaidii tena. Mtu mzima mmoja huruhusiwa kumpakata mtoto mmoja tu. Sababu mojawapo iko juu ya kichwa chako: kwa kawaida barakoa za oksijeni katika kila kundi la viti huzidi idadi ya viti kwa moja, yaani viti vitatu kwa barakoa nne. Hata Ssalongo angekuwepo, kila mmoja wenu akiwa na mtoto wake, msingekubaliwa kukaa bega kwa bega. Mmoja angevuka ujia.

Sababu nyingine ni mkanda. Mtoto wa kupakatwa hupewa mkanda wake mdogo ambao hupitishwa kwenye mkanda wa mama. Usimfungie ndani ya mkanda wako mwenyewe, kwa maana ndege ikisimama ghafla uzito wako wote humwangukia yeye, na wakati wa kupaa au kutua usimwache mgongoni kwa kitenge. Kiti cha gari kiwe na lebo inayoonyesha kwamba kimeidhinishwa kutumika ndani ya ndege. Pima upana wake leo hii, kwa sababu viti vingi vya daraja la kawaida vina upana wa sentimita 43 hivi tu. Kitawekwa dirishani ili kisimzuie mtu kutoka.

Kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani, mbele ya safu ya kwanza, huombwa mapema kwa simu na kina kikomo cha uzito, mara nyingi karibu kilo 11. Usikitegemee sana. Taa ya mikanda ikiwaka mtoto hutolewa humo, nayo ina tabia ya kuwaka pale tu anapoanza kusinzia.

Muuguzi wa Mbarara alijibu:

Nalongo, kwa heshima zote kwa mama mkwe, Piriton iache. Dawa hiyo ni ya mzio, si ya usingizi, na kwa mtoto wa umri huo usingizi mzito wa dawa unaweza kudhoofisha upumuaji. Wapo pia watoto ambao huwachangamsha badala ya kuwalaza, na hapo utakuwa na saa nane za vita bila msaidizi.

Kuhusu masikio, hewa ndani ya ndege iliyo juu hulingana na ya mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400, takriban kama uko Kabale. Ndege inapoteremka, shinikizo la hewa huongezeka na kukisukuma ndani kiwambo cha sikio, na mrija unaosawazisha hali hiyo, utokao sikioni hadi kooni, kwa mtoto ni mwembamba mno. Kumeza huufungua. Kwa hiyo ziwa au chupa itolewe mapema, kama nusu saa kabla ya kutua, bila kungoja kilio. Ukumbuke pia kwamba Entebbe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ilhali Brussels iko karibu na usawa huo, hivyo kutua kwa kwenda ndiko kutakakowasumbua zaidi kuliko kwa kurudi. Wakiwa na mafua siku hizo, wapeleke kwa daktari kwanza.

Baba Wanne alijibu:

Mimi naongeza la makaratasi. Kila mtoto awe na pasipoti yake, na kwa kuwa baba hayupo, beba barua ya ridhaa aliyoitia saini pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Kadi za njano za homa ya manjano zishughulikie sasa, kwa sababu wakati wa kurudi Uganda huzidai kwa kila aliyetimiza mwaka mmoja, na chanjo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10. Maziwa na chakula cha mtoto havibanwi na kile kikomo cha mililita 100, ila wakaguzi wanaweza kufungua chupa.

Uji lakini uangalie. Niliwahi kufunga uji wa mtama wa moto ndani ya chupa ya chai nikiwa nyumbani, nikaufungua tukiwa angani. Ulifoka, ukamwagikia shati jeupe la mzee aliyekaa kando yangu, na tulikuwa bado na saa tatu za kukaa pamoja.

Nalongo wa Kira alijibu:

Asanteni sana. Nimepima kiti cha gari nilichoazimwa na jirani: sentimita 46, kwa hiyo kesho narudi kutafuta kingine. Nakato ndiye atakayefungwa dirishani, kwa kuwa ndiye mwenye mateke. Kuhusu Piriton, mama mkwe ndiye anayetusindikiza hadi Entebbe, hivyo nitaipokea kwa mikono miwili na kuisahau ndani ya gari lake.